Mkia wa Nyota ya Mkia Hauko Nyuma

Wiki iliyopita nilitumiwa tena ile picha ya nyota ya mkia. Kichwa cheupe, mkia mrefu, na mshale mwekundu unaotokea mkiani kupitia kichwani, umeandikwa "inaelekea huku". Aliyeituma ni mwalimu wa fizikia. Wengine ningewapita kimya, huyu nimeshindwa.

La haraka kwanza. Nyota ya mkia si kimondo. Kimondo ni chembe inayoungua katika hewa yetu, kilomita 100 hivi juu ya vichwa, na hukwisha kabla hujamwita mwenzako. Nyota ya mkia, au kometi, iko mamilioni ya kilomita kutoka hapa; hukaa palepale angani na kutua pamoja na nyota nyingine. Uhusiano upo, kwa kuwa vimondo vya Oktoba viitwavyo Orionidi ni vumbi lililoachwa na kometi ya Halley. Lakini lile pande la chuma la Mbozi lililoanguka kutoka angani, tani 16 hivi, halitoki kwenye kometi yoyote. Tuendelee.

Kosa la mshale linatokana na barabara. Bodaboda ikipita, moshi unabaki nyuma. Lori likipita, vumbi linabaki nyuma. Moshi ule unabaki kwa sababu hewa inaukamata. Huko iliko kometi hakuna hewa ya kukamata kitu. Kipande cha vumbi kikiachana na kometi hakisimami: kinaendelea kwenda na mwendo uleule kiliokuwa nao, sambamba na mama yake, mpaka kitu kingine kikisukume.

Na kinachokisukuma ni Jua. Ndiyo habari yote, na bado watu hawaisikii.

Mchukue Halley. Desemba 2023 ilikuwa mwisho wa njia yake, zaidi ya kilomita bilioni 5 kutoka kwenye Jua, ikijikokota chini ya kilomita 1 kwa sekunde. Huko haina mkia hata wa kusingizia. Ni bonge la barafu na vumbi, urefu wa kilomita 15 hivi, jeusi kuliko mkaa. Julai 2061 itapita karibu na Jua kwa kilomita 54 kwa sekunde. Joto litaigeuza barafu kuwa gesi moja kwa moja, bila kupitia maji. Gesi itatoka na vumbi, na hapo ndipo mkia utakapoota. Kwa hiyo mkia si kiungo cha kometi. Ni kitu inachotokwa nacho.

Sasa hiyo gesi, ikishapigwa na mwanga mkali na kupata chaji ya umeme, inachukuliwa na upepo wa Jua, ambao si hewa bali ni mkondo wa chembe zenye chaji zinazotoka kwenye Jua, na huenda kilomita 400 kwa sekunde, pengine zaidi. Linganisha na zile 54. Waswahili walishasema bendera hufuata upepo. Hawakusema bendera hufuata mashua. Panda jahazi lenye upepo wa kusi mgongoni, utazame bendera: inaelekea mbele, kule jahazi linakokwenda, kwa kuwa upepo unalipita mwendo. Kometi inayolisogelea Jua ina mkia nyuma, sawa. Ikishalizunguka na kuondoka, mkia unatangulia. Mwanaastronomia Mjerumani Peter Apian aliliona hili kwenye Halley mwaka 1531, na Mjerumani mwenzake Ludwig Biermann, mwanafizikia, mwaka 1951, alianzia kwenye mikia hiyohiyo kudai kwamba Jua linavuma, kabla chombo chochote hakijafika huko kupima.

Nadhani neno lenyewe limetuponza. Mkia kwa Mswahili uko nyuma, mjadala umefungwa. Wagiriki waliiita nyota yenye nywele, na nywele zinajulikana kwamba hupeperuka. Mwanamke akisimama kwenye kivuko cha Kigamboni na mtandio wake ukapepea kuelekea Kigamboni, hakuna atakayesema basi anarudi Magogoni, ng'ambo ya pili.

Oktoba 2024 tulipata nafasi ya kuliona hili kwa macho, kometi C/2023 A3 Tsuchinshan-ATLAS ilipopita. Nikiri aibu yangu: Julai ulitoka uchambuzi uliodai itasambaratika kabla ya kulifikia Jua, nami nikawaambia watu wasijisumbue kuamka. Haikusambaratika. Sisi wa kazi hii ya kuchunguza anga tunajua kukokotoa njia ya kometi vizuri sana. Mwangaza wake tunabahatisha, na anayekuahidi vingine anataka umsikilize tu.

Mwisho wa Septemba ilionekana alfajiri, mashariki, mkia ukielekea juu. Pwani ya Dar inatazama mashariki, kwa hiyo tulikaa mchangani tukaiona juu ya bahari. Katikati ya Oktoba ikahamia jioni, magharibi, na hapo bahari haikutusaidia. Tulipanda paa la ghorofa la rafiki, katikati ya matangi ya maji, tukaitafuta kulia kwa Zuhura juu ya taa za mji. Mkia bado juu. Asubuhi Jua lilikuwa chini upande wa mashariki, jioni chini upande wa magharibi, na mara zote mbili mkia ulilipa Jua kisogo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulikwepa. Tarehe 14 Oktoba zilianza kuzagaa picha zenye mwiba mwembamba unaoelekea kwenye Jua. Nikapigiwa simu: "Haya, sema." Ule ni mkia kinzani. Bendera yangu inafaa kwa gesi. Kwa vumbi inapwaya. Vumbi laini husukumwa na mwanga na kupinda polepole, na chembe nzito hazisukumiki sana, hivyo hubaki zimetandazwa kwenye bapa la njia ya kometi. Siku ile Dunia ilikatiza bapa hilo, tukaliona kwa ubavu, kama karatasi inavyogeuka mstari ukiitazama ukingoni. Kwa hiyo mwenye mshale akinibana sana nitakubali kwamba kuna vumbi linalobaki nyuma kidogo. Kidogo. Mshale wake bado si sahihi.

Yule mwenye ghorofa, mzee mstaafu wa bandari, hakutaka nadharia. Alinyoosha mkono akapima kwa vidole toka ukingo wa tangi hadi kwenye kichwa cha kometi, saa ileile, jioni tatu mfululizo. Kila siku ilipanda kama vidole vitatu, mkia ukiwa mbele. Jioni ya tatu akashusha mkono.

"Kumbe, mwanangu, inakwenda kinyumenyume."

Nikavuta kiti, nikaanza upya.