Treni Haikumtoa Mtu Mbio: Tunayosimuliwa Kuhusu Mwanzo wa Picha na Sinema

“Watazamaji wa kwanza wa sinema walitimua mbio wakidhani treni inawagonga”

Hadithi hii imesimuliwa mpaka imekuwa kama kweli. Paris, tarehe 28 Desemba 1895, ukumbi wa chini wa Grand Café. Mashine ya sinema ya ndugu wawili Wafaransa, kina Lumière, inawashwa, treni inatokea kwenye pazia, watu wanapiga mayowe na viti vinapinduka.

Orodha ya filamu za siku ile inajulikana, na treni haimo. Zilikuwa filamu kumi, kila moja haifiki dakika: wafanyakazi wakitoka kiwandani, mtoto mchanga akilishwa, mtunza bustani akirushiwa maji usoni na mtoto mtundu aliyekanyaga mpira wa maji. Kiingilio kilikuwa faranga moja, na waliolipa walikuwa 33. Filamu ya treni ikiingia stesheni ya La Ciotat, Ufaransa, ilianza kuonyeshwa hadharani mwaka uliofuata, na watafiti waliopekua kumbukumbu za wakati huo hawajakuta ushahidi wa watu kukanyagana mlangoni. Walioandika juu yake walisema ilishtua, ilisisimua. Kushtuka ni jambo moja, kukimbia ni jingine.

Itazame mwenyewe, ipo mtandaoni. Treni haimjii mtazamaji uso kwa uso. Inapita mshazari kuelekea kushoto na kusimama, milango inafunguliwa, abiria wanashuka. Baadhi ya watu walio pale stesheni ni jamaa wa familia ya Lumière. Na wakazi wa Paris wa 1895 hawakuwa wageni wa picha za ukutani: maonyesho ya taa za kurushia picha yalikuwapo Ulaya tangu karne ya 17.

Mwaka 1901 Mwingereza Robert Paul alitengeneza filamu ya kichekesho ya mshamba anayeikimbia treni iliyo kwenye pazia, huku watu wa mjini wakicheka. Mwanzoni mwa sinema, basi, hadithi ya kukimbia treni ilikuwa tayari ni utani dhidi ya mshamba. Baadaye utani ukasahaulika, ikabaki “historia”.

Dharau ya aina hiyo ilifika hadi kwetu. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliopiga kambi Vugiri, milima ya Usambara. Fikra iliyotawala miongoni mwa wakoloni waliotengeneza filamu kama hizo ilikuwa kwamba Mwafrika anahitaji filamu za polepole, za aina yake, kwa sababu za kawaida hataziweza. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu 1921, na watu walikuwa wakikata tiketi wenyewe bila kufundishwa na mtu jinsi ya kutazama.

“Ibn al-Haytham aligundua kamera”

Huu ujumbe unazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa nia njema. Mtu mwenyewe alikuwa mkubwa kweli: mzaliwa wa Basra, akaishi Cairo, akafariki karibu mwaka 1040. Alieleza kwa majaribio jinsi mwanga unavyosafiri kwa mstari ulionyooka, na jinsi unavyopenya kwenye tundu dogo na kuchora, ndani ya chumba chenye giza, sura ya kilicho nje. Kwamba sura hutokea kwa namna hiyo, ikiwa kichwa chini miguu juu, Wachina waliokuwa wafuasi wa mwanafalsafa Mozi walikuwa wameshaliandika zaidi ya miaka elfu moja kabla yake.

Lakini ile ni sura inayopita. Ukiziba tundu imekwisha. Kilichokosekana kwa karne zote hizo ni kemia, yaani kitu cha kuidaka sura na kuishika. Nicéphore Niépce, huko Ufaransa, alifaulu mwaka 1826 au 1827. Alipaka lami juu ya bamba la metali, akaliweka ndani ya kamera dirishani kwake, akaliacha. Palipopigwa na mwanga lami iligeuka ngumu; palipobaki gizani ikaoshwa kwa mafuta ya mrujuani. Picha ile ipo Texas sasa, na ina kioja chake: jua limewaka kwenye kuta za pande zote mbili za ua, kulia na kushoto. Lilitembea kutoka mashariki hadi magharibi wakati picha bado inapigwa.

Sifa alichukua mwenzake Louis Daguerre, kwa sababu Niépce alifariki 1833 na mbinu ya Daguerre, ya bamba la shaba lililopakwa fedha na kusafishwa kwa mvuke wa zebaki, ikatangazwa 1839. Mwaka huohuo Mwingereza Henry Talbot naye akatangaza yake ya karatasi, na hiyo ndiyo iliyozaa negativu, yaani picha ya kinyume inayotolewa nakala. Anayetaka baba mmoja wa picha atapata tabu.

“Hawakutabasamu kwa sababu picha ilichukua muda mrefu”

Kwa miaka ya mwanzo kabisa, ni kweli. Kukaa dakika kadhaa juani bila kutikisika si kazi ya mwenye meno nje. Lakini kufikia miaka ya 1840 lenzi bora na kemikali kali zaidi zilishausukuma muda huo chini ya dakika moja, na mbinu ya bamba la kioo iliyotangazwa 1851 ikaufikisha kwenye sekunde chache. Nyuso ziliendelea kukazwa kwa miongo mingine.

Sababu ni adabu ya picha. Picha ya studio ilirithi kazi ya picha ya kuchorwa: kumwonyesha mtu katika cheo chake. Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, hatabasamu katika picha zake zinazojulikana, na wakati huo kamera hazikuwa zikimlazimisha. Alikaa kama mtu mzito anavyokaa mbele ya watu. Upande wa pili, msafara wa mtafiti Berthold Laufer nchini China, kati ya 1901 na 1904, ulirudi na picha ya mwanamume anayecheka na bakuli lake la wali mpaka unatamani kujua kilichomchekesha.

“Vile vyuma vya nyuma vilikuwa vya kusimamishia maiti”

Hapana. Katika picha nyingi za karne ya 19, ukiangalia nyuma ya viatu vya aliyesimama, utaona kitako cha chuma kimejitokeza kidogo. Ni stendi yenye makucha mawili yanayogusa kisogo, ili kichwa kisitikisike. Ilimsaidia mtu ambaye tayari anasimama. Mwili usio na uhai ungeanguka nayo. Picha za marehemu zilipigwa, tena nyingi, ila zaidi marehemu alilazwa kitandani au jenezani, na watoto wakapakatwa na mama zao.

“Stanford aliweka dau la dola 25,000 juu ya farasi”

Husemwa alidau kwamba farasi akikimbia, kuna wakati kwato zote nne huwa hewani. Ushahidi wa dau haupo. Leland Stanford, tajiri wa reli wa Marekani, alifuga farasi wa mashindano na alitaka kujua wanavyokanyaga. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, na farasi akizifyatua kwa kukata nyuzi. Kwato zote nne huachana na ardhi kweli, ila miguu inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wakiinyoosha mbele na nyuma.

“Filamu za zamani zilikwenda mbiombio”

Kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha kama 16 kwa sekunde, na mwenye projekta naye alizungusha kwa makisio yake. Sauti ilipokuja, mwisho wa miaka ya 1920, kasi ikafungwa kwenye picha 24. Mkanda wa zamani ukipitishwa kwenye mashine mpya, kila mtu anatembea kama siafu wamemwingia. Wala hazikuwa kimya: kulikuwa na piano au bendi, na Japani msimulizi aliyesimama kando ya pazia aliweza kuwa maarufu kuliko waigizaji. Ukikutana na mkanda wa 1900 unaokimbia, fungua mipangilio ya video, shusha kasi hadi 0.75, kisha waangalie tena wanavyotembea.