Si kila mvinyo hunoga kwa kuwekwa

Wengi huamini kwamba mvinyo wowote, hata wa bei nafuu, huzidi kunoga kadiri unavyokaa, na ndiyo maana chupa ya zawadi hufichwa kabatini miaka kadhaa ikingoja harusi. Imani hiyo ina chanzo cha kweli, kwani mivinyo michache yenye tanini (ukakasi utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu), uchachu au sukari nyingi hukomaa vizuri mahali penye ubaridi na giza. Lakini mvinyo mwepesi wa kila siku, uwe wa Dodoma au wa Afrika Kusini, kwa kawaida hutengenezwa unywewe ungali mchanga, katika mwaka 1 hadi 3, kwa kuwa uzuri wake ni harufu ya tunda, ambayo joto na hewa inayopenya kidogo kidogo huififisha. Wa boksi huwahi zaidi kuchakaa, maana mfuko wake wa plastiki hupitisha hewa kuliko kioo. Msomaji asome mwaka wa mavuno kwenye lebo, kisha amimine kidogo katika bilauri mbele ya karatasi nyeupe: mweupe uliogeuka rangi ya kaharabu, au mwekundu uliokuwa kahawia na kunuka siki, umeshapita wakati wake. Kwa kawaida haudhuru, ila pengine utafaa zaidi mchuzini.