Elimu ya msongo: kukijua kinachokusonga

Ukisonga ugali unakandamiza unga na maji mpaka visiachane tena. Ni kitenzi hichohicho kilichotupa msongamano wa magari, na ndicho kilichotupa msongo wa mawazo. Mtu aliyesongwa hana nafasi, mambo yamembana pande zote. Vijana husema "nina stresi", wazee husema "fulani ana mawazo", na hakuna anayeuliza mawazo gani.

Elimu ya msongo ni maarifa, pamoja na mazoezi, yanayomwezesha mtu kuutambua msongo unapomwingia, kujua unavyofanya kazi mwilini na kuchagua la kufanya. Si kisomo cha vyeti. Mwenye shahada tatu anaweza asijue lolote kuhusu msongo wake, na bibi aliyeishia darasa la nne akawa ndiye wa kumfundisha. Hilo la bibi si mzaha, tutalifikia.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inaelekezwa kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi. Kotisoli inafuata, kazi yake mojawapo ni kuweka sukari ya kutosha kwenye damu. Kwa aliyekutana na simba, huo ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba king'ora hichohicho kinalia kwa meseji ya mwenye nyumba. Simba ataondoka, au wewe utaondoka. Kodi haiondoki. Mwili ukikaa kwenye tahadhari wiki baada ya wiki, usingizi unakatika, kichwa kinauma, tumbo linavuruga, na watoto wanagombezwa kwa kosa ambalo si lao.

Sasa angalia neno "presha". Kwetu linabeba mizigo miwili: shinikizo la damu, ambalo ni ugonjwa, na kule kubanwa na mambo. Mtu akisikia moyo unadunda anasema "presha imepanda" na kumeza kidonge cha shemeji yake. Wakati huohuo jirani yake mwenye shinikizo kubwa la damu kweli hajisikii chochote, kwa sababu ugonjwa huo mara nyingi hauna dalili. Hujulikana kwa kipimo tu. Kujua tofauti hii peke yake kunaokoa watu: wa kwanza anaacha dawa isiyo yake, wa pili anakwenda kupimwa. (Maumivu ya kubana kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya ni habari nyingine kabisa. Hayo ni ya kukimbilia hospitali, usiyafanyie mazoezi ya kupumua.)

Lakini kwa nini jambo lilelile limwangushe mmoja na mwenzake alivuke? Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walitoa maelezo ambayo bado yanatumika sana. Msongo huzaliwa pale mtu anapolipima jambo lililo mbele yake, akajipima na yeye mwenyewe, akaona limemzidi. Ni kama mizani yenye sahani mbili. Basi elimu ina milango miwili ya kuingilia. Inaweza kumwongezea mtu uwezo, au inaweza kumrekebishia upimaji.

Mlango wa upimaji ulijaribiwa Marekani kwa wanafunzi waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa kuingia masomo ya uzamili. Jeremy Jamieson na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2010. Kundi moja la wanafunzi liliambiwa kwamba moyo kwenda mbio kabla ya mtihani hauharibu, tena huenda ukasaidia. Hawakupewa dawa wala masomo ya ziada, maneno hayo tu. Walifanya hesabu vizuri kuliko wenzao, kwenye jaribio na kwenye mtihani wenyewe. Mwalimu wa kidato cha nne anaweza kuyasema hayo kwa nusu dakika kabla ya karatasi kugawiwa. Wengi wetu tulichoambiwa ni "mkifeli msinilaumu".

Mlango wa uwezo ndio unaosahaulika, na mimi nauona ndio mpana zaidi. Watu wakisikia elimu ya msongo wanafikiria kufumba macho na kuvuta pumzi. Chukua mfano wa mama ntilie aliyekopa shilingi 300,000 kwenye ile mikopo inayoitwa kausha damu. Ameambiwa marejesho ni 13,000 tu kwa siku, kwa siku 30. Hilo "tu" ndilo mtego. Zidisha: atarudisha 390,000, yaani riba ya asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Kama faida yake kwa siku ni 12,000, anapungukiwa 1,000 kila jioni kabla hata hajanunua dawa ya mtoto, kwa hiyo wiki ya pili anakopa kwingine kulipia hapa. Anayekosa usingizi kwa deni hilo hana kasoro ya akili. Hesabu ya dakika tano kabla ya kusaini, na mtu wa kumweleza kuhusu kikundi cha kuweka na kukopa, ni kinga ya msongo kama kinga nyingine yoyote. Hesabu za shuleni tulizifanyia matenki ya maji yanayovuja, tukaacha marejesho.

Sasa bibi niliyemtaja. Jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma inayojulikana kama benchi la urafiki. Wataalamu walikuwa wachache mno, hivyo wanawake watu wazima wa mitaani walifundishwa kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuzungumza na mwenye shida. Kwa Kishona, lugha ya huko, hali ya kusongwa na mawazo inaitwa kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. (Kwao kufunga ni kufikiri. Sisi tunaofunga milango na mizigo tukilisikia neno hilo tunaelewa kitu kingine, lakini si mbali sana na ukweli.) Bibi hatoi hotuba. Anamwacha mtu afungue moyo, wanayaorodhesha matatizo, mgonjwa mwenyewe anachagua moja, wanatafuta hatua inayowezekana wiki hiyo, kisha anarudi kueleza ilikwendaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kitu walichofundishwa ni utaratibu: chagua moja, lifanyie kazi, rudi.

Yako matatizo yasiyo na hatua ya wiki hiyo. Aliyekimbia vita Sudan Kusini hawezi kuimaliza vita kwa kuiorodhesha. Kwa watu wa namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya vikao vitano, kila kimoja kama saa mbili, yenye sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha ili asiyejua kusoma asiachwe. Yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi 694 katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, na matokeo yakatoka mwaka 2020: miezi mitatu baadaye waliohudhuria walikuwa na mfadhaiko mdogo kuliko wasiohudhuria. Somo mojawapo ni kujirudisha pale ulipo mawazo yanapokubeba. Kanyaga chini usikie nyayo zako, pumua taratibu, angalia kilicho mbele yako, sikiliza kinacholia. Mawazo hayafukuzwi. Yanaachwa yawepo, na wewe unaendelea kuchota maji au kumsuka mtoto nywele.

Ukitaka kujaribu upande wa pumzi, siri iko kwenye kutoa kuliko kuvuta. Moyo hupungua kasi kidogo tunapotoa pumzi, kwa hiyo vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, kwa dakika tatu hivi. Fanya hivyo siku usiyokuwa na shida. Kuogelea hakufundishwi jahazi likiwa linazama.

Na elimu hii ina mpaka. Wafanyakazi hawajalipwa miezi mitatu, mwajiri anawaitia semina ya kukabiliana na msongo, chai na sambusa zipo. Kinachowasonga ni mshahara, na kila aliye ukumbini anajua. Kumfundisha mtu kuvumilia jambo linaloweza kurekebishwa na mwingine ni kumhamishia kosa.

Mpaka mwingine ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mpaka kazi na chakula vikashindikana, huenda ni sonona, na sonona ina matibabu. Anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake na asipewe mawaidha. Mtu akae naye, amsikilize, na ampeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.