Safari ya Mafuta ya Karafuu hadi Soko la Ulaya: Usajili wa Kemikali Unavyofanyika

Mfanyabiashara anayepeleka mafuta ya karafuu Ulaya huandaa cheti cha ubora, hati ya asili ya mzigo na karatasi zote za forodha, akiamini kwamba ametimiza kila kitu, halafu mnunuzi wake humwuliza swali asilolitarajia: usajili wa REACH uko wapi? REACH ni jina fupi la Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1907 ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2007. Kabla yake, kemikali zaidi ya 100,000 zilizokuwa zimeorodheshwa kuwa sokoni hadi mwaka 1981 ziliendelea kuuzwa ingawa nyingi hazikuwa zimepimwa ipasavyo, na serikali ndizo zilizobeba kazi ya kuthibitisha madhara kabla ya kuchukua hatua. REACH iliuhamisha mzigo huo. Sasa anayetengeneza kemikali au kuiingiza Ulaya ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba anaifahamu na kwamba inaweza kutumika kwa usalama. Asipowasilisha takwimu, hana soko. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo haki, kwa sababu anayepata faida kutokana na kemikali ndiye mwenye uwezo na wajibu wa kuijua.

Usajili unamhusu kila mtengenezaji au mwingizaji aliye ndani ya Ulaya anayefikisha tani 1 au zaidi ya kemikali moja kwa mwaka, na maombi hupelekwa kwa Wakala wa Kemikali wa Ulaya ulioko Helsinki, Finland. Kemikali zilizokuwa sokoni tangu zamani zilipewa muda kwa awamu kulingana na kiasi, na awamu ya mwisho, ya tani 1 hadi 100, ilifungwa tarehe 31 Mei 2018. Anayeanza leo hana muda wa kusubiriwa: hukamilisha usajili kwanza, kisha hupeleka mzigo.

Wengi huamini kwamba kitu cha asili hakihusiki, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Ni kweli kwamba kanuni inavisamehe vitu vya asili visivyobadilishwa kikemikali, na kukamua mafuta kwa mvuke kunahesabiwa kuwa njia isiyobadilisha asili ya kitu. Lakini msamaha huo hufutika ikiwa kitu chenyewe kina sifa za hatari, na mafuta ya karafuu yanazo, kwa kuwa yana kwa wingi eujenoli, kiambato kikuu cha mafuta hayo, nayo inaweza kusababisha mzio wa ngozi. Matumizi nayo huamua. Mafuta yaleyale yakitiwa kwenye chakula kama kionjo hayahitaji kusajiliwa chini ya REACH kwa kiasi hicho, kwa sababu chakula kina sheria zake. Yakienda kwenye kiwanda cha manukato au cha sabuni za usafi, usajili unahitajika. Kwa hiyo mzalishaji wa Pemba anapaswa kujua pipa lake linakwenda kufanya kazi gani, na si jina la mnunuzi tu.

Kampuni iliyo nje ya Ulaya haiwezi kusajili yenyewe. Ama kila mwingizaji asajili kwa jina lake, ama mzalishaji ateue mwakilishi pekee, yaani mtu au kampuni iliyoko Ulaya yenye ujuzi wa kemikali, ambayo hubeba wajibu wote wa usajili kwa niaba yake. Njia ya pili humpa mzalishaji uhuru wa kuuza kwa wanunuzi kadhaa bila kufungwa na usajili wa mmoja wao, na ukubwa wa kampuni unaotumika kukokotoa ada ni wa mzalishaji, si wa mwakilishi, jambo lenye nafuu kwa kampuni ndogo. Hata hivyo dalali anayenunua mafuta na kuyasafirisha tu, bila kuyazalisha wala kuyachanganya, haruhusiwi kumteua mwakilishi huyo.

Kazi yenyewe huanzia maabara. Sampuli hupitishwa kwenye mashine ya gesi kromatografia, inayotenganisha viambato vya mafuta, na kwenye karatasi hutokea mstari wenye vilele, kimoja kirefu cha eujenoli na vingine vifupi vya viambato vilivyobaki. Mafuta ya mimea yana viambato vingi ambavyo uwiano wake hubadilika, kwa hiyo hutambulishwa kwa jina la mmea, sehemu iliyotumika na njia ya uzalishaji. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, si sawa na mafuta ya majani, ingawa yote yametoka kwenye mkarafuu mmoja. Utambulisho ukikosewa, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa vya kitu kingine.

Baada ya hapo kampuni hutuma ulizo kwa Wakala ili ijue kama kuna waliokwisha kusajili kemikali hiyo. Wakiwapo, inajiunga nao, kwa kuwa kila kemikali ina usajili wa pamoja mmoja unaoongozwa na msajili kiongozi, na takwimu hugawanywa kwa gharama ambazo lazima ziwe za haki na za wazi. Lengo kubwa la utaratibu huu ni kuzuia majaribio ya wanyama yasirudiwe bila sababu. Kiasi cha taarifa kinachodaiwa hupanda pamoja na tani: kuanzia tani 10 huongezwa ripoti ya usalama wa kemikali, na kuanzia tani 100 kampuni inayohitaji jaribio jipya la wanyama la ngazi hiyo sharti ipeleke pendekezo na kusubiri uamuzi kabla ya kulianza.

Jalada la usajili, lenye taarifa zote hizo, huandaliwa kwenye programu ya kompyuta iitwayo IUCLID na kuwasilishwa mtandaoni, kisha Wakala hukagua kama limekamilika na kama ada imelipwa ndipo namba itolewe. Naomba hili lieleweke vizuri: namba hiyo haimaanishi kwamba kemikali imethibitishwa kuwa salama, wala kwamba takwimu zimekubaliwa. Wakala unaweza kulifungua jalada lolote baadaye na kudai taarifa zaidi, na tangu mwaka 2020 sheria inautaka ukague angalau asilimia 20 ya majalada ya kila ngazi ya tani, badala ya asilimia 5 ya awali. Usajili uliopatikana kwa taarifa hafifu unaweza kubatilishwa.

Jalada pia hufuata mabadiliko ya kazi yenyewe. Kiwanda kikibadili malighafi au mtambo wa kukamulia, na muundo wa mafuta ukabadilika, mwakilishi anapaswa kusahihisha usajili ndani ya miezi 3, naye hawezi kufanya hivyo kama mzalishaji hakumpelekea matokeo mapya ya maabara.