Jagi hili halipozi maji

Hapana, jagi langu la stonweya halipozi maji. Nimeulizwa tena wikendi hii, na muulizaji ni mtu wa Tanga kabisa, kalelewa nyumba yenye mtungi: "Si udongo huu, fundi? Mbona maji hayapoi?"

Udongo ni udongo, moto ndio si mmoja. Mtungi huchomwa uwanjani kwa kuni na majani, mara nyingi hata nyuzi 900 haufiki. Unabaki na vinyweleo, maji yanatoka jasho, upepo unalikausha, na jasho likikauka linaondoka na joto. Stonweya, yaani chombo cha udongo cha moto mkali, naichoma hadi nyuzi 1,280 hivi. Sehemu ya udongo inayeyuka na kuziba vinyweleo. Hakuna jasho, hakuna ubaridi. Kwisha.

Halafu anatokea mjuaji: "Kinachozuia maji ni ile glezi, lile tabaka la kung'aa kama kioo linalopakwa juu." Siyo! Vunja jagi la stonweya, dondoshea tone la maji palipovunjika: linakaa juu. Fanya hivyo kwa kigae cha jagi la Kiingereza la zama za kati, lile lenye glezi ya kijani ya madini ya risasi: tone linanywewa. Huo ni moto mdogo, na ndio mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew aliorudia Winchcombe, Uingereza, mwaka 1926, ingawa alikuwa ametoka kwa mfinyanzi mwenzake Bernard Leach kule St Ives, ambako Leach na Mjapani Shoji Hamada walianza mwaka 1920 wakiutafuta moto mkubwa wa Mashariki ya Mbali.

Cardew huyohuyo alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria (mji ambao leo ni Suleja), na mfinyanzi wa huko, mama Ladi Kwali, akajiunga mwaka 1954. Kwao mtungi ulikuwa wa maji. Kule Abuja Ladi aliendelea kuufinyanga kwa mkono, akachora mijusi na nge vilevile, kisha ukapakwa glezi na kuchomwa kama stonweya. Uzuri wake acha tu! Lakini kazi ya kupoza maji ilifia tanurini.

Vitabu husema ukifika nyuzi fulani, udongo umeziba. Tanuri langu halijavisoma. Jagi la rafu ya chini laweza kuonekana limeiva, kumbe linaacha duara la unyevu mezani. Kwa hiyo kila rafu naweka kipande cha majaribio: nakipima kikavu, nakichemsha, nakipima tena. Uzito ukiongezeka zaidi ya asilimia 2, jagi la rafu hiyo naliuza liwe la maua. Na hata yaliyofaulu siyaapii.

Unataka maji baridi? Tia barafu, jagi litavumilia. Maji yanayotokota ndiyo usinijaribie.