Krediti ya hai skuli sio maksi: kwa wazazi mnaopanga darasa la 11 nyumbani

Nimesikia tena mzazi akisema "mwanangu ana krediti nzuri sana, A tupu", na mwingine akamjibu "nyie mna bahati, sisi bado tunasubiri wilaya itupe krediti zetu". Wote wawili wanasomesha nyumbani hapa Marekani, watoto wao wote wanaingia darasa la 11, huo mwaka wanaouita wa junia, na wote wamelielewa vibaya neno ambalo wanapangia mwaka mzima. Sasa naomba tuliweke sawa, maana darasa la 11 ndio mwaka wa mwisho unaokuwa umekamilika kwenye transkripti, ile karatasi ya kozi, krediti na maksi za hai skuli, mtoto akianza kuomba chuo. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, inafunguliwa tarehe 1 Agosti, darasa la 12 lenyewe wengi hata hawajalianza.

Krediti ni kipimo cha kazi iliyokamilika kwenye somo moja la hai skuli. Kozi ya mwaka mzima ni krediti 1, ya nusu mwaka ni 0.5. Ndio hivyo tu. Kuna shule nyingi za California zinahesabu 10 kwa mwaka badala ya 1, ukikuta hivyo usishtuke, ni kipimo kilekile kimekatwa vipande vidogo. Maksi zinakwambia mtoto amefanya vizuri kiasi gani, krediti inakwambia amemaliza kiasi gani. Ni kama mizani ya dukani, inakwambia mchele ni kilo moja, haikwambii kama mchele una mawe. Aliyemaliza Algebra 2 kwa A na aliyeimaliza kwa C wote wana krediti moja ya Algebra 2.

Najua mkanganyiko unatoka wapi kwa watu wetu. Tanzania ukisema mtoto ana "krediti" tatu za kidato cha nne unamaanisha amepata C au zaidi kwenye masomo matatu, yaani kule neno lenyewe limebeba ufaulu ndani yake. Halafu wote tumekulia kwenye mifumo ambayo cheti kinashuka kutoka juu: NECTA Tanzania, KNEC Kenya, Exetat kule Kongo. Kuna mtihani mmoja wa taifa, kuna baraza, kuna namba ya mtahiniwa, na baraza ndio linasema umefaulu au hujafaulu. Kwa hiyo mzazi akifika hapa anatafuta baraza lilipo, hapati, anadhani labda ni wilaya ya shule, anakaa anasubiri barua. Hakuna barua. Marekani haina mtihani wa taifa wa kumaliza hai skuli, na kwenye homskuli anayeandika kwamba kozi imekamilika ni wewe mzazi. Krediti unaitoa wewe. Ndio maana hata kwenye Common App mzazi wa homskuli anaingia kama mshauri wa shule na ndiye anayepandisha transkripti.

Sasa hili lilianzaje, maana ukijua lilikoanzia hutaliogopa tena. Watu wengi wanadhani kuna wataalamu wa elimu walikaa wakapima ubongo wa kijana unahitaji masaa mangapi kuielewa kemia. Hapana, lilianza na pensheni za walimu. Mwaka 1905 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wa vyuo wapate pensheni, na kazi ikapewa taasisi iliyoongozwa na Henry Pritchett, aliyekuwa rais wa chuo cha MIT. Swali la kwanza likawa gumu kuliko walivyotarajia: chuo ni kipi? Kipindi hicho mpaka kati ya hai skuli na chuo ulikuwa haueleweki, mtu yeyote angeweza kubandika neno koleji mlangoni na kuombea walimu wake pensheni. Basi taasisi ikaweka masharti, mojawapo kwamba chuo kisipokee mwanafunzi mpaka awe na yuniti 14 za hai skuli, na yuniti moja ikahesabiwa kuwa somo moja lililofundishwa masaa 120 kwa mwaka. Vyuo vilitaka hela za pensheni kwa hiyo vikakubali, hai skuli zilitaka watoto wao wapokelewe vyuoni kwa hiyo nazo zikakubali, na ndani ya miaka michache karibu nchi nzima ikawa inahesabu hivyo. Mpaka leo inaitwa yuniti ya Carnegie. Na taasisi hiyohiyo mwaka 2015 ilitoa ripoti ikieleza kwamba yuniti ile haikuwekwa kupima kile mtoto alichojifunza.

Kwa hiyo nikimuona mama wa watu anamwekea kijana saa ya kengele mezani, dakika 50 za historia, kengele, dakika 50 za baiolojia, kengele, eti ili afikishe masaa 120 kamili bila kupungua, naumia kweli. Ile 120 iliwekwa kutenganisha vyuo na visivyo vyuo zaidi ya miaka mia iliyopita. Na majimbo yenyewe hayafanani! New York wanahesabu muda wa kila yuniti kwenye kanuni za homskuli, yuniti moja ni dakika 6,480, ukigawanya unapata masaa 108, sio 120. Pennsylvania wanataja masomo na miaka: Kiingereza miaka 4, hesabu 3, sayansi 3, masomo ya jamii 3, sanaa na masomo ya utu (humanities) 2, kwa kipindi cha darasa la 9 hadi la 12. Texas homskuli inahesabiwa kama shule binafsi, Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha hivyo kwenye kesi ya Leeper mwaka 1994, na hawakuulizi masaa. Soma sheria ya jimbo unaloishi kwanza, usichukue ya shangazi anayeishi Ohio. Ukishaijua, kama haihesabu masaa, kipimo cha kawaida ni kwamba kijana amemaliza kitabu cha mwaka au karibu chote na ameonyesha kazi, hapo krediti ipo. Mtoto anayemaliza jiometri kwa miezi mitano amemaliza jiometri, msimrudishe nyuma kisa kengele.

Lakini kuna kitu kimoja kinachoniudhi kuliko vyote, na darasa la 11 ndio kinapojitokeza zaidi, kwa sababu ndio mwaka watoto wengi wanaanza kuchukua masomo komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, huku bado wako hai skuli. Koleji nayo inasema "krediti". Kozi ya nusu mwaka pale inakuwa krediti 3, na mzazi anafika nyumbani anafungua transkripti anaandika 3. Sio 3! Krediti ya koleji inahesabu masaa ya darasani kwa wiki ndani ya muhula, ya hai skuli inahesabu kozi ya mwaka. Familia nyingi za homskuli zinahesabu hiyo kozi ya krediti 3 kuwa krediti 1 ya hai skuli, na kuna sehemu wanaihesabu nusu. Chagua kulingana na jimbo lako, kisha andika chini ya transkripti umetumia kanuni gani. Nimeona transkripti ya kijana mwenye krediti 41, na ofisa wa udahili akiona namba kama hiyo anaacha kuamini hata zile za kweli, na mtoto mwenyewe alikuwa amesoma kwa bidii sana, hakustahili kutiliwa shaka.

Ukishalielewa hili, kupanga mwaka wa junia kunakuwa kazi ya kuhesabu kurudi nyuma kabla ya kununua kitabu chochote. Vyuo vingi vinapenda kuona Kiingereza 4, hesabu 3 au 4, sayansi 3 zenye maabara, masomo ya jamii 3, lugha ya kigeni angalau 2. Toa zile ulizokwishaandika darasa la 9 na la 10, kinachobaki gawanya kwa miaka miwili, na usisukumie masomo magumu yote darasa la 12. Kama ni mwanamichezo anayelenga Division I, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndio kabisa usichelewe, kati ya kozi 16 za msingi, 10 lazima ziwe zimekamilika kabla muhula wa saba haujaanza, maana yake mwisho wa darasa la 11. PSAT, mtihani wa maandalizi ya SAT ya kuombea chuo, ni Oktoba, na ya darasa la 11 ndio inayohesabika kwa skolashipu ya National Merit, kwa hiyo pigia simu shule za jirani mapema kuuliza kama zitampokea. Mitihani ya AP, ya masomo ya kiwango cha chuo, ni Mei ila shule ya kufanyia unaitafuta tangu mwanzo wa mwaka wa masomo. Hiyo mitihani yenyewe haitoi krediti ya hai skuli, inathibitisha tu ile uliyoitoa wewe.

Na lugha. Wazazi wananiuliza kama mtoto anaongea Kiswahili nyumbani wamwandikie krediti 2 za lugha. Kuongea tu kunaonyesha anajua, hakuonyeshi kozi iliyokamilika. Mpangie kazi: asome riwaya nzima, aandike insha, ajifunze ngeli vizuri aache kusema "kitabu yangu", na ukitaka ushahidi wa nje kuna mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, Kiswahili kipo. Akifanya hayo mwandikie bila woga, hiyo ni krediti halali kama Kifaransa cha mtu mwingine.

Kwenye majimbo mengi sehemu kubwa ambayo wilaya ina sauti juu ya krediti zako ni pale mtoto anaporudi shule ya serikali kabla hajamaliza. Hapo shule inaweza kuzikubali krediti zako, kuzikataa, au kumtaka afanye mtihani kwanza, na inatofautiana sana, kwa hiyo kama kuna uwezekano wa kurudi waulize kwa maandishi kabla darasa la 11 halijaanza na utunze sampuli za kazi za kila somo. Ila kama mpango ni kumaliza nyumbani, mzazi mwenzangu, usiseme unasubiri kupewa krediti. Sema kozi hii bado hatujaimaliza, au tumeimaliza nimeiandika. Na mtu akikuuliza ana krediti ngapi mtajie idadi na masomo, zile A ni za safu ya pembeni.