Mizunguko ya tabianchi kwenye matope ya kilindini: sentimita kwanza, miaka baadaye

Nguzo ya mashapo ikitolewa kilindini haiji na tarehe, inakuja na sentimita. Kuzigeuza sentimita hizo kuwa miaka ndiko kunakowakwamisha wengi, kuliko hesabu zenyewe za spektra, yaani za kupima kila urefu wa mzunguko una nguvu kiasi gani.

Tuseme mashapo yamejilundika sentimita 2 kila miaka 1,000. Mzunguko wa miaka 41,000, unaotokana na mwinamo wa mhimili wa dunia kuongezeka na kupungua, utachukua sentimita 82. Ule wa miaka 23,000, wa kuyumba kwa mhimili, utachukua sentimita 46. Ukikata sampuli kila sentimita 10, huu mfupi unapata vipimo vinne na ushei; si haba. Ukibana matumizi ukakata kila sentimita 40, mzunguko huo haupotei: unajitokeza kama mzunguko wa uongo wa miaka 153,000 hivi, na hakuna programu itakayokuokoa. Lakini kukata kila sentimita 1 nako ni kujichosha, maana minyoo ya sakafuni huvuruga takriban sentimita 10 za juu, yaani miaka 5,000, kabla mashapo hayajazikwa.

Sampuli huoshwa kwenye chekeche ya maikromita 63, kisha magamba ya foraminifera, viumbe wadogo wa baharini wenye seli moja, huokotwa moja moja chini ya hadubini kwa brashi yenye unyevu. Spishi zisichanganywe. Kati ya foraminifera wa sakafuni, Uvigerina huizidi Cibicidoides kwa takriban 0.64 kwa elfu katika oksijeni-18, oksijeni nzito ambayo kiasi chake kwenye magamba hutunza kumbukumbu ya barafu na joto la zamani, ilhali tofauti nzima kati ya enzi ya barafu na kipindi cha joto haifiki 2 kwa elfu.

Kwa umri, kaboni-14 hukoma kwenye miaka 50,000 hivi. Chini zaidi, alama muhimu ya umri ni kugeuka kwa usumaku wa dunia, takriban miaka 780,000 iliyopita. Ukipanga tarehe zako kwa kufuata obiti, yaani mizunguko ile ya mwendo wa dunia, kisha ukatangaza umeiona obiti, umejizungusha mwenyewe. Wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton, katika kazi yao ya 1976 juu ya mashapo ya Bahari ya Hindi, walianza na tarehe chache na kasi ya kujilundika isiyobadilika kati yake. Marekebisho ya kufuata obiti yalikuja baadaye.

Kwenye spektra, kilele cha miaka 100,000 kitilie shaka kuliko vyote. Mashapo huwa na nguvu nyingi kwenye mawimbi marefu hata pasipo mzunguko wowote, kwa hiyo kilele kipimwe dhidi ya kelele ya aina hiyo, si dhidi ya mstari bapa. Na nguzo ya miaka 300,000 ina marudio matatu tu.